"Vuta Pumzi, Zuia": Mazungumzo kuhusu Shahada ya Upigaji Picha za Kimatibabu

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za upili kuhusu kozi za afya. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe kwenye jarida.

  

Wengi wenu mnanifahamu kwa kamera. Mimi ndiye ninayewasumbua mjipange vizuri kila barabara inapozinduliwa. Shahada yangu ni ya uanahabari, si ya udaktari, kwa hiyo tafadhali mtu asinifuate baadaye kuniuliza dawa ya mgongo. Idara ya Afya ilitaka mtu wa kuzungumza kuhusu kozi ya upigaji picha za kimatibabu, na wataalamu wenyewe hawangeweza kuja. Leo ni siku ya kazi. Wakija hapa, chumba cha eksirei kitafungwa, na kuna wagonjwa walioondoka nyumbani alfajiri kukifuata. Hilo lenyewe ni sehemu ya ujumbe wangu: watu hawa ni wachache kiasi kwamba hapakuwa na wa kutumwa hapa.

Basi kabla ya kuja nilikwenda kukaa nao asubuhi tatu, kwa ruhusa, katika idara ya picha ya hospitali mojawapo ya kaunti. Kamera niliiacha ofisini, maana picha ya mgonjwa ni siri yake. Nitakayowaambia ni niliyoyaona, niliyoyauliza na niliyoyasoma.

Huku kwetu vipimo hivi vyote tunaviita eksirei. Mama mmoja kwenye foleni aliniambia amekuja "kupigwa eksirei ya mimba", ilhali alikuwa anangoja altrasaundi, ambayo haina mionzi hata chembe. Altrasaundi ni mawimbi ya sauti nyembamba mno, sikio la binadamu haliyapati. Yanaingia mwilini, yanarudi kama mwangwi, na mashine inayageuza kuwa picha. Eksirei yenyewe ni mionzi inayopenya nyama kwa urahisi na kuzuiwa na mfupa. Skani ya CT hutumia mionzi hiyohiyo, ila mtambo humzunguka mgonjwa na kompyuta huunganisha vipande. MRI ni sumaku yenye nguvu pamoja na mawimbi ya redio. Ndiyo sababu ukifika mlangoni na funguo mfukoni utarudishwa, na kwa haki. Ipo mamografia ya matiti. Vipo pia vipimo vya nyuklia, ambapo mgonjwa hupewa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi ili viungo vionekane vikifanya kazi. Anayesomea shahada hii hufundishwa kuhusu zote hizo, ingawa baadaye atabobea kwenye moja au mbili.

Kisha tofautisheni watu wawili. Mwanaradiografia ndiye anayempokea mgonjwa, anayemweka sawa, anayepima kiasi cha mionzi na kupiga picha. Daktari wa radiolojia ndiye anayeisoma picha na kuandika ripoti. Huyo alisomea udaktari kwanza, akafanya kazi, ndipo akarudi chuoni kusomea uzamili. Mtoto akikwambia anataka kuingia radiolojia, mzazi, muulize ni yupi kati ya hao wawili. Njia zao zinaachana mapema, na gharama pia. Leo nazungumzia yule wa kwanza.

Watu husema picha inapigwa na mashine. Ngojeni niwaeleze nilichokiona siku ya pili.

Aliingia mzee wa miaka sabini na kitu aliyekuwa akikohoa kwa wiki kadhaa. Alitakiwa picha ya kifua. Aliyempokea ni kijana, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliye kwenye mafunzo ya vitendo, msimamizi wake akiwa kando. Alimsimamisha mzee kifua kikigusa bamba la kunasia picha, kidevu juu, mikono kiunoni, mabega yamesukumwa mbele. Kila kimoja kina sababu yake. Mabega yakienda mbele, ile mifupa mipana ya bega inaondoka juu ya mapafu na haitii kivuli. Mtambo wa mionzi ulikuwa nyuma ya mzee, karibu sentimita 180 kutoka kwenye bamba. Kwa nini mbali hivyo? Usiku wa leo washeni koroboi mbele ya ukuta. Weka mkono karibu na moto: kivuli kinakuwa kikubwa, na kingo zake zimefifia. Sogeza mkono karibu na ukuta, koroboi ibaki mbali: kivuli kinarudi kwenye ukubwa wa mkono wako na vidole vinahesabika. Moyo nao ni hivyo. Taa ikiwa karibu, moyo wa mtu mzima wa afya unaonekana kama umevimba.

Kijana akamwambia mzee kwa Kiswahili, "Vuta pumzi, zuia." Mzee akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi nusu, akaiachilia. Kijana hakubonyeza. Alitoka nyuma ya kioo, akamshika mzee bega, akamweleza kwa lugha ya nyumbani, vile mjukuu anavyomwambia babu yake. Akamwonyesha kwa kifua chake mwenyewe. Wakafanya mazoezi mara mbili, mzee akicheka, ndipo akarudi kubonyeza. Ilichukua dakika tatu hivi, na foleni nje ilikuwa inanung'unika.

Msimamizi alinieleza baadaye. Mtu akivuta pumzi nusu, mapafu hayafunguki. Sehemu ya chini hujikunja na kuonekana kama ina ugonjwa, na moyo hulala kwa upana. Wao huhesabu mbavu kwenye picha: za nyuma zikionekana tisa au kumi juu ya ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pumzi ilitosha. Zikionekana saba, picha hiyo inaweza kudanganya. Sasa fikirini daktari aliye mji mwingine, anayetumiwa picha kwa kompyuta, asiyemjua mzee. Anaweza kuandika kwamba moyo umepanuka. Mzee angeanza kutafutiwa ugonjwa wa moyo asiokuwa nao, na kifua kinachomsumbua kingebaki vilevile.

Mtambo ule ulitoka ng'ambo. Haujui kumwambia mzee wetu avute pumzi, na haujui kama ameelewa au anaitikia kwa heshima tu. Ndiyo maana nimekuja kuzungumza na watoto wa kaunti hii na si wa mahali pengine.

Hadithi ya mitambo mnaijua. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, zikiwemo mbili kwa kila kaunti, na vifaa vya picha vilikuwa sehemu ya mpango huo. Mabishano kuhusu gharama yalifika hadi Seneti na sitayarudia hapa. Mimi ni mtumishi wa kaunti na nina wakubwa wangu. Lakini wakaguzi waliandika jambo moja lisilo na siasa: ziko hospitali ambako mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa umeme wa kutosha, au chumba, au watu wa kuziendesha. Umeme huvutwa, chumba hujengwa. Mtu wa kuendesha mtambo huchukua miaka mitatu au minne baada ya shule ya upili, na kabla ya hapo anahitaji mwalimu wa fizikia asiyekata tamaa.

Sasa masomo yenyewe. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, JKUAT, kinatoa shahada ya radiografia. Mwanafunzi huanza na anatomia, na wote niliowauliza walisema huo ndio ukuta wa kwanza. Mifupa ya mtu mzima ni 206. Kuitaja kwa majina ni kazi ya wiki chache. Kazi kubwa ni kuijua kila mmoja ukiutazama kwa mbele, kwa ubavu na kwa mshazari, ukiwa umefunikwa na mingine. Chukueni kifundo cha mkono. Kina mifupa midogo 8. Mmoja wao huitwa skafoidi, uko upande wa kidole gumba, na mtu akianguka kutoka kwenye bodaboda akajikinga kwa kiganja, huo ndio unaovunjika mara nyingi kuliko wenzake. Ukivunjika, ufa wake unaweza usionekane kabisa kwenye picha ya kawaida. Mwanafunzi hufundishwa pembe maalumu ya kuutafuta, na hufundishwa pia kwamba picha safi si ushahidi kuwa mfupa ni mzima. Mgonjwa huambiwa arudi apigwe tena baada ya siku kumi au wiki mbili. Asiporudi, sehemu ya mfupa huo inaweza kukosa damu na kufa, na fundi seremala wa miaka ishirini na mitatu akabaki na mkono usioshika nyundo. Tuna vijana wangapi wa bodaboda kwenye kaunti hii? Hesabuni wenyewe.

Kanuni nyingine wanayopewa mapema ni kwamba mfupa haupigwi picha moja. Hupigwa mbili, kwa pembe mbili. Ufa unaoonekana wazi kwa ubavu unaweza kujificha kabisa kwa mbele.

Baada ya anatomia huja fiziolojia, magonjwa, uangalizi wa mgonjwa, sheria na maadili, athari za mionzi kwenye chembe hai, na utafiti mwishoni. Halafu fizikia, mwanzo hadi mwisho. Mwanaradiografia huchagua kilovolti, yaani nguvu ya mionzi kupenya, na huchagua wingi wake na muda. Mtoto mchanga, mwanamume mnene na bibi aliyekonda hawapewi kipimo kimoja. Mionzi ikipungua kupita kiasi, picha inajaa chenga na haisomeki. Ikizidi, picha itaonekana nzuri sana, hasa kwenye mitambo ya kisasa inayojisahihisha, lakini mgonjwa amebeba mzigo usio na faida. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna anayelalamika.

Najua fizikia ndiyo inayowakimbiza wengi, wasichana hasa, na mara nyingi ni sisi watu wazima tuliowaambia kwamba si yao. Kwa hiyo niwape kisa kimoja kutoka bara letu. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town ilikosa mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya mionzi. Ikamwazima kijana aliyekuwa mhadhiri wa fizikia chuoni, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Alikuwa akienda hospitalini sehemu tu ya wiki. Akiwa pale akaona kwamba madaktari wanapanga matibabu ya mionzi kana kwamba mwili wa binadamu ni kitu kimoja kisicho na mfupa wala hewa ndani. Likamkera. Akaanza kutafuta hesabu za kujua kilichomo ndani ya mwili kwa kuupitisha mionzi kutoka pande nyingi. Alichapisha majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Huko Uingereza mhandisi Godfrey Hounsfield, bila kujua kazi ya Cormack, akaunda mtambo wenyewe, na mgonjwa wa kwanza akapigwa skani ya ubongo kwenye hospitali moja ya London mwezi Oktoba 1971. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979. Hakuna aliyekuwa daktari kati yao. Hounsfield hata hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alikuwa na diploma ya uhandisi wa umeme.

Hilo la diploma linanileta kwenye njia za kuingia, na hapa ningeomba wazazi wanisikilize kwa makini kwa sababu ndipo pesa hupotea.

Kwa shahada, wastani wa chini wa kuingia chuo kikuu ni C+. Kwa diploma ya sayansi ya picha za kimatibabu katika KMTC, ambayo huchukua miaka mitatu, ni wastani wa C. Juu ya wastani kuna alama za masomo mahususi: biolojia, fizikia, kemia, hisabati, na lugha. Masharti kamili hutolewa kila mwaka na KUCCPS, na ni hayo ya mwaka wako ndiyo ya kufuata, si ya mwaka wa binamu yako. Tena kufikisha alama ya chini si kupata nafasi. Nafasi ni chache na wanaozitaka ni wengi, kwa hiyo mwenye C+ kamili ajaze pia ile diploma miongoni mwa chaguo zake badala ya kubaki nyumbani mwaka mzima akisubiri bahati.

Msidharau KMTC. Chuo hicho kimekuwa kikifundisha wahudumu wa afya tangu 1927, na wengi niliowakuta kwenye chumba cha eksirei walipitia huko. Mwenye diploma anaweza kufanya kazi, kisha akasomea diploma ya juu, tuseme ya altrasaundi, au akaomba kuingia chuo kikuu kukamilisha shahada. Ni njia ndefu zaidi, lakini familia isiyo na uwezo wa miaka minne mfululizo huipata kwa vipande. Mikopo ya HELB ipo, na basari zipo; fomu zake huulizwa mapema. Kila mwaka ninaona foleni ndefu ofisini siku moja baada ya tarehe ya mwisho.

Unapouliza karo, usiridhike na karo ya masomo peke yake. Uliza malazi, sare, bima, na nauli ya mafunzo ya vitendo, maana mwanafunzi anaweza kupelekwa hospitali iliyo mbali na chuo. Uliza pia, na hili ni muhimu kuliko yote, kama kozi yenyewe imeidhinishwa. Kwa shahada, jibu liko kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Tena inatakiwa iwe kozi hiyo hasa, si chuo tu. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake bado haijapata kibali. Na kwa kuwa hii ni kazi ya mionzi, iko pia chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Ukiona bango kwenye mlingoti wa stima linalotangaza "Eksirei na Altrasaundi, miezi sita, kazi ng'ambo uhakika", piga picha uiletee ofisi yetu. Usilipe. Mtoto akimaliza kozi ya namna hiyo hakuna hospitali itakayomruhusu kugusa mtambo, na ng'ombe aliyeuzwa harudi.

Nililetewa maswali kabla ya leo, na matatu nitayajibu.

La kwanza liliandikwa na mzazi: je, mionzi haitamdhuru binti yangu, hasa uzazi wake? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen huko Ujerumani tarehe 8 Novemba 1895, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kama siku ya radiografia duniani. Miaka ya mwanzo watu waliichezea. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison kule Marekani, alikuwa akijaribia mitambo kwa mikono yake mwenyewe. Alikatwa mikono kwa sababu ya saratani na akafa mwaka 1904. Edison akaacha kabisa kazi ya eksirei. Sheria tulizo nazo leo zimetokana na watu kama Dally.

Leo mfanyakazi husimama nyuma ya ukuta au kioo chenye madini ya risasi. Akilazimika kubaki karibu na mgonjwa huvaa aproni ya risasi, ile nzito inayoumiza mabega. Na umbali wenyewe ni kinga: ukiwa mara mbili mbali zaidi, mionzi inayokufikia inashuka hadi robo. Kifuani hubandikwa beji ndogo inayorekodi mionzi aliyopokea, nayo hupelekwa kusomwa kila baada ya muda. Kikomo cha kimataifa kwa wafanyakazi ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka. Ili mpate picha ya kipimo hicho, ardhi, anga na chakula hutupa sisi sote wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka bila kwenda hospitali yoyote. Eksirei moja ya kifua haizidi milisivati 0.1 hivi, sawa na wiki mbili za mionzi hiyo ya asili. Skani ya CT ya tumbo ni jambo jingine. Yaweza kufika 8 au 10, na ndiyo maana mwanaradiografia mzuri huuliza kama inahitajika kweli. Mfanyakazi akipata mimba humwarifu mwajiri na kazi yake hupangwa upya. Na nyinyi akina mama mnapoulizwa pale mlangoni, "Dada, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?", jamani, si udaku. Mjibuni.

La pili lilitoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu: kompyuta hazitachukua kazi hii kabla sijahitimu? Swali zuri. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zitumike kusoma picha za kifua wakati wa kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Kwa hiyo kusoma picha kunabadilika, na anayeingia chuoni sasa atafanya kazi sambamba na programu hizo. Lakini programu husoma picha iliyoletewa. Mzee wetu akivuta pumzi nusu, itaisoma nusu hiyo kwa uhakika wote.

La tatu ni lile ambalo kila mzazi analo na wachache hulitamka: akihitimu, kaunti itamwajiri? Sitawadanganya. Hakuna kozi ya afya leo yenye kazi inayomngoja mtu mlangoni, na mimi sina mamlaka ya kuahidi. Hospitali zinawahitaji, bajeti ya mishahara ni habari nyingine, na mmesikia migomo. Nafasi zikitokea, hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na kutuma maombi hakulipiwi hata shilingi. Atakayewaomba "ya chai" ili awasaidie, mripotini. Nje ya kaunti kuna hospitali za misheni, za kibinafsi, vituo vya picha mijini, na vituo vikubwa kama Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako kuna vipimo vya nyuklia vya kutafuta saratani. Mwenye ujuzi wa altrasaundi hasa huwa na soko pana zaidi, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau moja kabla ya wiki ya 24, na akina mama wetu wengi bado hawaipati. Hata hivyo, yule anayeitaka kozi hii kwa ajili ya mshahara wa haraka afikirie tena. Atakesha zamu za usiku na majeruhi wa ajali, atainua wagonjwa wasioweza kujigeuza, na hakuna atakayekumbuka jina lake. Ripoti huwa na sahihi ya daktari.

Kwa walio Kidato cha Tatu na cha Nne, muda uliobaki unatosha kuinua fizikia kwa alama moja au mbili, na walimu wako hapa. Mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya mfumo wa 8-4-4 ni wa mwaka 2027, kwa hiyo wazazi wenye watoto wadogo, kwenu lugha itabadilika: mtoto anayetaka kazi hii atapaswa kuwa kwenye mkondo wa sayansi, ule wa STEM, tangu Gredi ya 10. Msimchagulie mkondo kwa sababu shule iko karibu na nyumbani. Ulizeni kwanza kama shule hiyo inafundisha fizikia na biolojia, na kama maabara yake ina vifaa au ni chumba kilichoandikwa jina tu.

Idara ya picha imekubali kuwapokea wanafunzi wachache kwa zamu, siku ambazo foleni si ndefu, wakae na kutazama kama nilivyokaa mimi. Mwalimu wa ushauri atakusanya majina. Mtakaa nyuma ya kioo, simu zimezimwa, na mtu akitajwa jina kwenye chumba kile, linabaki humo.

Sasa maikrofoni iende kule nyuma. Mama mwenye leso ya kijani ameinua mkono tangu nilipotaja karo.